Kona ya Tatu, Mkono wa Kushoto

Jumapili, 9 Machi

Daftari hili alinipa nesi wa kliniki hapa Mikumi, niandike siku ambazo Editha amenyonya vizuri na siku ambazo amekataa, maana uzito wake ulikuwa haupandi. Sasa mtoto ana miezi saba, ana mashavu, anavuta nywele za kila mtu. Kurasa zimebaki nyingi na naona vibaya kuzitupa. Nitaandika mambo yetu humo humo, baada ya ukurasa wa saa za uji wake.

Leo imenyesha mvua ya kweli. Lukasi amerudi amelowa chapachapa, anacheka peke yake mlangoni.

"Mama Editha, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa zaidi."

Kumbe bosi wake, Bwana Melkizedek, amesema mvua zikiisha atamwajiri mtu mmoja moja kwa moja, awe mwalimu wa wageni. Lukasi ni kibarua pale mwaka wa pili sasa. Ni ule uwanja nyuma ya maegesho ya malori, ilipokuwa kambi ya watengeneza barabara. Lami yao ilibaki, bosi akaichora kona tano, akaleta vile vigari vidogo visivyo na bodi ambavyo unakaa makalio karibu yaguse chini. Wenyewe wanaviita gokati. Wageni wanaoshuka treni ya umeme Kilosa kuja kuona wanyama wanapitishwa pale wacheze kidogo.

Vibarua wanaojua kuendesha ni wawili, Lukasi na Sironga. Tarehe 31 Mei watashindana mbele ya wageni, mizunguko kumi. Atakayeshinda anapata mkataba, na bima ya afya ya familia nzima.

"Familia nzima ni nani?" nikamuuliza, ingawa najua.

"Wewe, na huyo anayekula kola ya shati langu."

Jumatano, 12 Machi

Nimempelekea chakula uwanjani, mtoto mgongoni. Nimekaa juu ya tairi nikawaangalia. Gokati zinapiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini ukizoea unaona. Kona ya kwanza na ya pili zinakwenda kulia, Lukasi anazipita kama maji. Ya tatu inakwenda kushoto, imebana, nje yake kuna ukuta wa matairi yaliyopakwa nyekundu na nyeupe. Hapo anachafua. Anaingia mapema mno, anagonga ukingo wa ndani, kigari kinaserereka, anapoteza mwendo wote. Mara sita nimehesabu, mara sita vile vile.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Editha mzima.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimejitia ujuzi.

Kwetu Vidunda, ndizi zinashuka mlimani kwa baiskeli mpaka Kidodi. Kaka yangu Alfred anafunga mikungu minne nyuma, anafunga na tawi la mti linaloburuta chini kupunguza kasi, na anashuka. Nilipokuwa msichana nilikuwa nashuka nyuma yake na baiskeli ndogo. Alinifundisha hivi: breki unamaliza kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka. Ukishaanza kukata, mkono usiguse breki tena. Kaa nje kwanza, subiri, halafu ingia, na macho yatazame unakotokea, si kwenye korongo, maana ukilitazama korongo utakwenda korongoni.

Basi wakati anakula nikamwambia, "Kona ya tatu unaingia mapema. Subiri kidogo."

"Nani kakwambia?"

"Kaka Alfred."

"Alfred ana gokati?"

"Ana baiskeli na ndizi."

Akacheka mpaka ugali ukampalia. Nami nikacheka. Lakini alipomaliza kucheka akanawa, akatoka nje kutazama mvua.

Jumapili, 23 Machi

Aibu ya leo. Mzee Thadeo, mwenye nyumba tunayopanga, alikaa barazani kwake wakati tunatoka kanisani. Lukasi akapita mbele yake, hatua mbili tu kutoka magotini pake, bila shikamoo. Hata kugeuka hakugeuka. Mzee akaangalia fimbo yake. Nikarudi mbio nikampigia goti, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Mumeo kishapata ajira nini?"

"Bado, babu."

"Bado na hasalimii. Akipata si atatukanyaga."

Nimemuuliza Lukasi njiani, akaapa kwamba hakumwona. Mtu mzima, kofia nyeupe, barazani mchana kweupe. Nimekasirika sana. Tangu lile tangazo ameanza kujiona.

Jumanne, 25 Machi

Kikombe cha pili kimevunjika. Amekipiga na kiwiko. Nimempa chai katika kopo la plastiki.

Jumanne, 1 Aprili

Bosi anawapima kwa saa ya simu. Sironga anazunguka kwa sekunde thelathini na tisa. Lukasi arobaini na mbili, siku ya mvua arobaini na tano.

Sironga nilikuwa simpendi. Ni Mmasai wa huku Malolo, mrefu, nilidhani anamwombea mume wangu mabaya. Leo mvua ilipowakatisha akaja akakaa karibu yangu chini ya turubai, akachora kona kwa kijiti kwenye tope.

"Shemeji, ona. Ndama ukimkunja shingo anakimbia, anaanguka. Mwache anyooke, umpunguze, ndiyo umgeuze. Halafu mwachie aende."

"Ndiyo aliyosema kaka yangu."

"Kaka yako anafuga?"

"Anashusha ndizi."

"Basi ana akili." Akafuta mchoro kwa kiatu. "Lukasi namwambia kila siku. Anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu anaingia pale pale. Si kawaida yake. Injini ukimwonyesha mara moja anashika."

Anamtakia mema. Ndilo lililonishangaza.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimevaa gauni la bluu alilonunua siku ya ubatizo wa mtoto, nimekaa mkekani karibu yake, kushoto kwake, nimesubiri aseme neno. Amemaliza kula, amenyoosha miguu, ameita, "Mama Editha! Uko wapi?"

Nilikuwa hapo hapo. Mkono wangu ungegusa sikio lake.

Nikaondoka kwenda kulia jikoni kama mjinga.

Jumapili, 13 Aprili

Kesho nakwenda Kilosa kwa Bibi Matilda, bibi yake Lukasi, kumpelekea mtoto amshike kabla ya Pasaka. Lukasi anabaki mazoezini. Nikamwambia tutarudi Jumatano. Akasema, "Hata mkikaa wiki." Nimelibeba neno hilo kifuani kama jiwe.

Alhamisi, 17 Aprili, Kilosa

Mto umejaa, umekula ukingo wa barabara, magari ya Mikumi hayaendi. Tupo Mabwerebwere kwa Bibi.

Bibi haoni kabisa miaka kumi na moja sasa, ila mdomo wake unaona. Lukasi ni mjukuu wake kwa hiyo anamwita mume wangu, na mimi ananiita mke mwenza. Jana kampigia simu mwenyewe.

"Mume wangu, huyu mdogo wangu uliyemwoa hajui kusonga. Ugali wake unateleza kama una safari."

Nasikia Lukasi anacheka huko. "Mvumilie, mke mkubwa."

"Nitamvumilia kwa sababu ya mtoto. Mtoto kachukua pua yangu. Wewe umechangia nini?"

Kumbe kwa Bibi anacheka. Nikaona wivu, na mwanamke mwenyewe ana miaka themanini.

Jumamosi, 19 Aprili, Kilosa

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Hapa kwa Bibi nimekuwa nikisikia mnong'ono asubuhi. Nilidhani anasali rozari. Leo nilikuwa nafagia, akatoka chumbani bila fimbo, akapita nyuma yangu moja kwa moja mpaka jikoni, akashika mlango bila kupapasa. Nikasikia midomo: kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Bibi, unahesabu nini?"

"Nyumba yangu. Kumi na mbili jikoni. Ishirini na saba chooni. Kisimani zilikuwa mia na nne, wakahamisha bomba, nikaanguka. Usihamishe hicho kigoda."

Nikamuuliza macho yalianzaje. Akasema ni moshi. Kila mtu wa ukoo huu anasema moshi; miaka yote amepika kwa kuni. Lilianza jicho la kushoto. Kwanza watu wakamwambia anaringa, anapita bila kusalimu. Akawa anagonga vikombe. Hakuna kuuma, hakuna kuwasha. Aliona kama pazia linavutwa pole pole kutoka pembeni, akadhani ni uzee.

"Na marehemu kaka yangu Jastin vile vile," akasema. "Moshi mbaya."

"Babu Jastin alikuwa anapika, Bibi?"

"Huyo? Hata maji hakuwahi kuchemsha."

Editha alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko na hatukumzuia.

Nimekumbuka Mzee Thadeo na kofia yake nyeupe. Nimekumbuka vikombe. Gauni la bluu. Kona ya tatu inakwenda kushoto.

Jumatano, 23 Aprili

Tumerudi. Njia imepitika kwa shida. Lukasi alitupokea stendi, akamnyanyua mtoto juu, akamnusa shingoni. Nilipomtazama hivyo moyo wangu ukaniuma kwa yote niliyoyaandika humu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemjaribu. Mungu anisamehe. Wakati anasimulia habari za mazoezi nilikaa kushoto kwake, nikanyanyua mkono taratibu karibu na uso wake, vidole vitano, nikavitikisa. Akaendelea kusimulia. Nikausogeza. Akaendelea. Ulipofika karibu na pua ndipo akashtuka, "Nini wewe?"

"Mbu," nikasema.

Ijumaa, 2 Mei

Nimejua anavyofanya.

Nilikwenda uwanjani, nikasimama karibu na njia inayoelekea kona ya tatu. Kuna pipa jeupe pale upande wa kulia. Akilipita pipa, midomo yake ndani ya helmeti inachezacheza. Moja, mbili, tatu, nne, anakata. Kila mzunguko. Haioni ile kona. Ameihesabu, kama Bibi alivyoihesabu nyumba yake. Tena ameanza kuipatia: breki kabla ya pipa, kigari kimenyooka, anangoja nne, anakata, anakanyaga mafuta. Yote tuliyomwambia, Sironga na mimi, ameyatia ndani ya zile namba.

Bosi akapiga kelele kutoka kibandani, "Thelathini na tisa na nusu! Lukasi, umekula nini?"

Akavua helmeti anacheka, ananitafuta. Nilikuwa kushoto. Nikazunguka haraka nikasimama kulia kwake, anione.

Jumanne, 6 Mei

Thelathini na tisa kamili.

Ijumaa, 9 Mei

Nimejaribu kusema. Nilianza kwa mbali, nikamweleza habari ya Bibi, jicho la kushoto, pazia. Alikuwa anashona kiatu. Hakuinua kichwa.

"Bibi ni mzee."

"Alianza akiwa kama mama yako alivyo sasa. Babu Jastin alianza mapema zaidi."

"Teresia." Haniiti hivyo tangu nijifungue. "Bima ikipatikana nitakwenda kupima. Siku ile ile. Bila bima nipime, niambiwe nini, halafu tukae tunatazamana?"

"Kwa hiyo unajua."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Najua kona tano. Basi."

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinapungua. Editha amesimama kwa kushika ndoo, akaanguka, akapiga makofi.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwombea kanisani ashinde. Halafu nikaomba asishinde, maana akishinda atakuwa anaendesha kila siku na watoto wa watu nyuma yake. Halafu nikaomba ashinde, kwa sababu ya bima. Padre kamaliza misa mimi bado sijui nimeomba nini.

Jumanne, 27 Mei

Thelathini na nane na kidogo. Sironga amempa mkono mbele ya watu, akamwambia, "Kaka, sasa unanitisha." Mzee Thadeo mwenyewe amesimama barazani kumtakia heri. Nilikwisha kumnong'oneza Lukasi, "Kushoto, babu," naye akageuka na kusema shikamoo. Mzee akafurahi kama mtoto. Ndivyo tunavyoishi sasa, yeye haulizi na mimi sielezi.

Jumapili, 1 Juni

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Naandika leo kwa sababu jana sikuweza.

Tulifika asubuhi. Jua safi, lami kavu, wageni kama hamsini na simu zao. Nilivaa kitenge cha njano, kile kinachoumiza macho, Lukasi mwenyewe hukiita taa. Mtoto mgongoni.

Nikaona vijana wanabeba matairi kutoka kona ya tatu. Nikadhani wanayasafisha. Kumbe bosi ameamua kona ibanwe zaidi na isogezwe ije mapema, karibu na pipa, ili vigari viserereke wageni wapate picha. Akawaita madereva wawili akawaonyesha kwa kidole. Sironga akacheka, "Bosi unatuua." Lukasi akaomba aikague kwa miguu. Nikamwona anatoka kwenye pipa polepole, kichwa chini, midomo inacheza. Akarudi akaanza tena. Bosi akamwita, "Lukasi, unapima kiwanja?" Watu wakacheka.

Nikamvuta nyuma ya kibanda cha mafuta.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kushoto huoni. Namba zako ni za kona ya zamani."

Nilikuwa sijawahi kulitamka. Uso wake ukawa kama mtu aliyevuliwa shati mbele za watu.

"Mizunguko kumi tu, Teresia. Baada ya leo nitasema kila kitu. Nakuomba." Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi. "Simama inapotokea kona. Nikikuona wewe nitajua pa kutazama."

Akaondoka kuvaa helmeti.

Mimi nikaenda kwa bosi. Nasema kweli, nilikwenda. Nilipanga maneno njiani: bosi, mume wangu jicho moja halioni, ahirisha. Nikafika.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, mama mtoto. Vipi tena, una wasiwasi? Leo mumeo atatutia adabu." Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameshika karatasi, nikaona jina la Lukasi limechapwa juu yake, na nafasi ya kusaini.

Nikasema, "Nilikuwa naomba maji ya mtoto."

Akanipa chupa. Nina mdomo na miguu miwili, mtu mzima niliyezaa, nikaomba maji.

Nikasimama inapotokea kona ya tatu, nyuma ya kamba. Wakaondoka. Mzunguko wa kwanza Sironga mbele. Lukasi alipopita pipa nikaona helmeti inageuka yote, kama anayeitwa, inanitafuta. Ikanipata. Akaja polepole, akakata, akapita. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaja kwa kasi zaidi. Nilisimama nimenyooka, nimetanua mikono kitenge kionekane, mtoto analia mgongoni na sikumbembeleza. Mzunguko wa sita akampita Sironga kwenye kona ya tano. Watu wakapiga mayowe. Wa saba, wa nane, anaiacha kona vile Alfred alivyokuwa anashuka, tawi likiruka nyuma yake, na mimi nikaanza kuamini. Niliamini kabisa. Nilianza kucheka.

Mzunguko wa tisa mgeni mmoja, kaka mnene mwenye simu kwenye kijiti, akaruka kamba akasimama mbele yangu apate picha. Nikamwambia, "Kaka, sogea." Hakusikia kwa kelele. Nikamsukuma, "Sogea! Sogea!" Akageuka kunishangaa, hajui mimi ni nani. Juu ya bega lake niliona helmeti inageuka, inatafuta, inatafuta.

Halafu nikaona midomo inahesabu.

Alikata kwenye nne. Kona ilikuwa kwenye tatu. Kigari kikaenda moja kwa moja kwenye matairi, kikapanda juu, kikakaa pale kimeinamia upande, injini inalia. Tairi moja likabiringika mpaka miguuni kwa watu, halikumgusa yeyote. Yule kaka mwenye simu alikuwa ameshakimbia.

Sironga alisimamisha chake katikati ya njia. Hakwenda kumaliza. Aliruka akazima injini ya Lukasi, akamtoa kwa kumkumbatia kifuani. Damu mdomoni, mkono wa kushoto umening'inia, lakini amesimama.

Bosi alifika anahema. "Kona yote ile! Kona na rangi nyekundu! Hukuiona?"

Wote walikuwa wakingoja aseme breki, au usukani.

Lukasi akavua helmeti. Akanitafuta kwanza. Nilikuwa nimeshafika kulia kwake.

"Sikuiona, bosi," akasema. "Tangu mwaka jana siioni."

Jumatano, 4 Juni

Mfupa wa bega umepata ufa, umefungwa. Mkataba amesaini Sironga. Alikuja jioni kutuambia mwenyewe, amesimama mlangoni hataki kukaa. Lukasi akamwambia, "Ya tatu usiingie mapema." Wakacheka wote wawili, halafu Sironga akaondoka haraka haraka.

Bosi ametuma salamu kwamba tutazungumza. Sijui ni lini, wala ni mazungumzo gani.

Alhamisi, 12 Juni

Tumetoka Morogoro, hospitali. Daktari wa macho ni mwanamke kijana, alimwita Lukasi kaka na hakuwa na haraka. Ni presha ya macho. Inatembea katika damu ya ukoo, inaua pembeni kwanza, haiumi. La kushoto limebaki mwanga tu. La kulia nalo limeanza. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote, bila kuruka hata siku moja.

Nikamuuliza, "Na mtoto?"

Akasema apimwe akikua, na apimwe tena na tena.

Nikamuuliza kama ningemleta mwezi wa tatu ingekuwaje. Akatazama karatasi zake. "Mama, umemleta leo," akasema.

Nimeandika saa za matone chini ya saa za uji, ukurasa ule ule.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempigia Bibi nikamweleza.

"Kwa hiyo si moshi?"

"Si moshi, Bibi."

"Na mimi nimegombana na kuni miaka yote." Nikasikia anavuta pumzi. "Mpe simu mume wangu."

Nilimpa. Sikusikia alichoambiwa. Alikuwa ameegemea ukuta, anaitikia, "Ndiyo, mke mkubwa. Ndiyo." Machozi yalikuwa yanatoka macho yote mawili sawasawa.

Jumapili, 22 Juni

Nyasi zimeanza kukauka. Leo tumekwenda kanisani kwa miguu, mara ya kwanza tangu aumie. Mzee Thadeo alikuwa barazani. Safari hii ameanza yeye, ameita kwa sauti, "Lukasi mwanangu, niko huku kushoto." Sijui nani amemwambia. Lukasi akageuka mwili mzima akampa shikamoo yake.

Shida ilikuwa barabara kuu. Lazima tuivuke, na malori ya Iringa hayapunguzi. Editha alikuwa mgongoni. Nilisimama kushoto kwa Lukasi, nimeshika mkono ule uliofungwa. Kulia alitazama mwenyewe, kweupe. Halafu nikasikia mnong'ono. Moja. Mbili. Tatu.

"Usihesabu," nikamwambia. "Niulize."

Lori likapita, upepo wake ukapeperusha kitenge. Mkono wake ukajaribu kutoka mkononi mwangu, halafu ukatulia.

"Tayari?" akauliza.

"Bado."

Likapita jingine.

"Tayari?"

"Bado, baba Editha. Niulize tena."